Mashine Iliyozimwa kwa Adabu

Teke la kwanza, mlango ulikataa. La pili liling'oa kitasa, na Luteni Saleha akaingia mbele ya sajini wake, bastola mkononi. Kitu cha kwanza alichokiona ni meno sakafuni, kando ya ndala za bluu.

Kilikuwa chumba cha kulala vibarua, kule Muhaisnah, Dubai, vitanda vya ghorofa vimebanana hadi mtu apite ubavu. Wanaume wanne walikuwa wamemzunguka mwenzao waliyemfunga mikono kwa waya wa pasi kwenye mguu wa kitanda. Mmoja wao, mwashi mwenye mabega mapana aliyeitwa Evans, alikuwa ameinua bomba la chuma.

"Weka chini," Saleha alisema.

Evans hakuweka. Alilishusha bomba kwenye goti la yule aliyefungwa, na goti likalia kama kuni kavu. Kabla hajaliinua tena, Sajini Famau alikuwa amemvaa. Wakaanguka pamoja juu ya jiko la umeme lenye sufuria ya maharage yaliyokuwa yakitokota, na mchuzi ukamwagikia Evans shingoni mpaka mgongoni. Akanguruma, akaliachia bomba. Mwingine akachomoa kisu chini ya godoro. Saleha alimpiga kitako cha bastola kwenye mwamba wa pua, yule mtu akakaa chini palepale, damu ikimchuruzika katikati ya vidole.

"Ukutani. Wote. Mikono kichwani. Yalla."

Wakaenda ukutani. Famau akainuka akijipangusa maharage, akaanza kuwafunga pingu mmoja mmoja.

"Mlikuwa mnamuua," Saleha alisema.

"Ndicho tulichokuja kufanya, madam," Evans akajibu, uso kwenye rangi ya ukuta. "Huyo ndiye aliyemmaliza Fanuel."

Saleha alizaliwa Dubai, lakini nyumbani kwao, chini ya bibi aliyetoka Unguja, Kiarabu kiliishia mlangoni; ndani ni Kiswahili tu. Kwa hiyo kila jalada la polisi lililowahusu watu wa Afrika Mashariki liliangukia meza yake. Hili lilimwangukia jana, Ijumaa. Fanuel, Mtanzania, mtaalamu wa kompyuta katika kampuni ya vipuri vya magari kule Ras Al Khor, alikutwa chumba cha seva, fuvu limepasuliwa, wakati Waislamu wote wa pale wamekwenda msikitini. Mlinzi wa geti, Severin, alionekana akitoka mbio, shati lote damu. Tangu hapo polisi walikuwa wakimtafuta. Hawa wa Muhaisnah walitangulia kumpata.

"Nani kawaambia ni yeye?" Saleha aliuliza.

"Bosi wa kompyuta mwenyewe. Dancan. Ametuma sauti kwenye kundi letu la simu jana jioni, akasema soja wa getini ndiye ameua, na amejificha hapa hapa mabwenini." Evans aligeuza shingo iliyoungua. "Fanuel alikuwa anatutetea sisi. Basi letu lilipokosa breki pale kwenye daraja la juu, waliokufa walitoka vyumba hivi. Mdogo wake Fanuel alikuwemo. Yeye peke yake ndiye aliyeuliza breki zile zilitoka wapi. Wengine wote walituambia ni mipango ya Mungu."

Saleha alichukua simu ya Evans, akaisikiliza ile sauti mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa sauti ya mtu mtulivu, aliyejua anawapa nani taarifa ile na wataitumiaje.

Akapiga magoti sakafuni, akaanza kumfungua Severin waya.

*

Gari la wagonjwa lilikuwa likikimbia, king'ora juu. Mhudumu alikuwa amemchoma Severin sindano ya maumivu, lakini dawa haikuwa imeanza kufanya kazi. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Saleha alikaa karibu na kichwa chake, maana maneno yalitoka kwa mapengo na damu.

"Kwa nini ulikimbia?"

"Niliogopa, afande. Damu ile yote, na mimi ndiye mtu mdogo pale."

"Anza ulipofungua mlango."

"Nilisikia kishindo. Kama kitu kizito kimeanguka, halafu tena, halafu tena. Nikagonga, kimya. Nikafungua kwa kadi yangu. Nikamkuta kaka Fanuel chini. Nikamwinua kichwa, kikawa..." Aliitazama mikono yake. "Hakikuwa kigumu tena, afande."

"Taa zilikuwa zinawaka?"

"Zinawaka. Na mashine zinavuma kama kawaida, vitaa vya kijani vinapepesa. Bosi Dancan akatokea nyuma yangu. Sijui alitoka wapi. Akaniambia, kimbia kaite watu, mimi nitabaki naye. Nikakimbia. Niliporudi giza tupu, na bosi yuko mlangoni anapiga kelele kwamba nimeua mtu."

"Uliwahi kuingia chumba kile kabla ya jana?"

"Sijawahi hata kukanyaga. Kadi yangu waliiruhusu juzi juzi tu, eti ikitokea dharura."

Gari likapiga tuta, Severin akalia kama mtoto. Saleha alimshika mkono usiokuwa na jeraha mpaka wakafika.

Nje ya hospitali Famau alikuwa akimsubiri na habari. Vijana wa maabara waliokwenda kupekua mapipa ya vyuma chakavu nyuma ya ghala walikuwa wamepata diski ya breki ya gari kubwa. Ilikuwa imeoshwa kwa petroli. Lakini diski za namna ile zina matundu ya kupitisha hewa, na ndani ya matundu kulikuwa na nywele.

"Ama Severin ndiye aliyeitumia," Famau alisema, "au ni mtu aliyepata nafasi ya kuiosha. Severin alitoka getini mbio bila kusimama popote. Kamera za barabarani zinamwonyesha."

"Dancan anasema umeme ulikatika kabla Fanuel hajauawa. Severin anasema ulikuwepo. Mmoja wao mwongo." Saleha alifungua mlango wa gari. "Aliyebaki wa kuuliza ni mashine. Nani anaijua?"

"Kuna dada mmoja alikuwa akifanya kazi na marehemu. Anakaa Karama."

*

Teresiah alifungua mlango akiwa ameshika kisu cha jikoni, mnyororo wa mlango haujatolewa. Alikuwa Mkenya, mwembamba, macho yamevimba kwa kulia. Aliangalia kitambulisho cha Saleha kwa muda, ndipo akatoa mnyororo. Kisu alikiweka mezani, ncha ikielekea mlangoni.

"Dancan amenipigia simu tangu asubuhi," alisema. "Anataka kompyuta ya Fanuel. Nikamwambia sina. Akaniambia Fanuel pia alikuwa mkaidi."

Chumba chao kilikuwa cha wapangaji kadhaa, kila kitanda na pazia lake. Wakakaa kwenye kitanda chake, mapazia wazi, Famau akasimama kwenye korido.

"Ipo ile kompyuta?" Saleha aliuliza.

Teresiah aliinua godoro. Ilikuwepo.

"Nieleze alichokuwa anafanya. Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Kampuni ina hifadhidata moja kubwa, madam. Vipuri vyote, vipimo vyote, hata milango, vinaandikwa humo. Sasa hifadhidata kama hiyo hujihesabu yenyewe: sehemu gani imesomwa mara ngapi, imebadilishwa mara ngapi. Hesabu hizo zinakaa kwenye kumbukumbu ya mashine. Ukiizima vizuri, inaziandika kwenye faili kabla ya kulala, na ikiamka inazisoma. Stima ikipotea ghafla, haiziamini tena. Inaanza sifuri."

"Na Fanuel aliongeza nini?"

"Baada ya mdogo wake kufa, aliandika programu ya nyongeza, ya kujishikiza ndani ya hifadhidata. Ilihesabu takwimu zake mwenyewe: kadi ya nani imefungua mlango gani, na mkono wa nani umebadilisha majibu ya vipimo vya breki. Shida ni kwamba takwimu za nyongeza zilikuwa zinakufa kila mashine ikizimwa. Hazikuwa na pa kuhifadhiwa. Kwa hiyo akatengeneza kulabu."

"Kulabu ya nini?"

"Ndivyo tunavyoita. Hifadhidata ikitaka kulala, inaziita programu za nyongeza: una chako, kihifadhi sasa. Ikiamka inaziita tena zisome. Kutengeneza kulabu si kazi. Kazi ni kuitengeneza isilete maafa, kwa sababu umemkaribisha mgeni ndani ya moyo wa mfumo. Dancan alitaka nyongeza zote ziandike kwenye faili moja na hifadhidata. Fanuel akakataa. Alisema programu moja mbovu ikiandika takataka humo, itaharibu hesabu za wote, na siku mashine inaamka itajikwaa. Waligombana mbele yetu mpaka Dancan akapasua kikombe ukutani. Mwishowe akasema khalas, basi, hakuna kulabu."

"Lakini Fanuel akaitengeneza."

"Akaitengeneza vizuri. Kila nyongeza na faili lake. Linaandikwa kwanza kwa jina la muda. Likikamilika linatiwa muhuri, ndiyo linapewa jina lake la kweli. Likikatizwa katikati, linabaki uchafu, linatupwa. Wakati wa kusoma, muhuri usipolingana, ni hilo tu linaachwa; nyongeza hiyo inaanza sifuri na mfumo unaendelea na kazi. Na likishasomwa linafutwa, ili hesabu kuukuu isijifanye mpya." Alifuta pua kwa kiganja. "Tuliiweka Alhamisi, sisi wawili. Mimi ndiye niliyeikagua. Dancan hakuambiwa."

Saleha alisogea karibu na kompyuta.

"Kwa hiyo kwa anavyojua Dancan, ukiizima mashine, hesabu za Fanuel zinakufa."

"Ndiyo."

"Na kama umeme ulikatika kweli, faili hilo lisingekuwepo."

"Lisingekuwepo. Kulabu isingeitwa. Maiti haiandiki wasia."

Saleha alipiga simu maabara, ambako nakala ya diski za seva ilikuwa imetolewa. Alimwomba Teresiah amtajie fundi jina la faili, herufi kwa herufi. Wakasubiri. Jibu likaja kwamba faili lipo, na jina lake ni lile la kweli, si la muda, ila ndani yake hakusomeki kitu.

"Halisomeki bila programu yenyewe," Teresiah alisema. "Lazima niiamshe nakala."

"Utaiamshia kule kule," Saleha alisema. "Mbele yake."

*

Chumba cha seva kilikuwa kimeoshwa, lakini damu ilikuwa imeingia kwenye maungio ya sakafu na kukaa humo, nyeusi. Dancan aliwapokea kwa heshima. Alikuwa mrefu, kifua cha mtu wa mazoezi, shati limepigwa pasi. Kwenye vifundo vya mkono wa kulia alikuwa na plasta mpya.

"Karibu madam. Nimesikia mmemshika yule soja. Mungu ni mkubwa."

"Tumempata. Nataka nifunge upande wako wa maelezo." Saleha alisimama upande wa pili wa meza ndogo ya mafundi. Teresiah alikaa kwenye kona na kompyuta yake, kichwa chini, nakala ya diski imeunganishwa. Famau alikuwa mlangoni na karatasi. "Nieleze tena umeme ulivyokatika."

"Stima ilipotea tu, ghafla. Watu wako Jumaa, ghala kimya. Nilikuwa juu ofisini. Nikashuka kuangalia, nikamkuta Fanuel hivyo, na yule soja juu yake."

"Betri za akiba hazikufanya kazi?"

"Zilikufa kitambo. Nimelia na meneja tangu Ramadhani atununulie zingine. Mashine ilianguka kama jiwe. Ndiyo maana rekodi nyingi zimepotea."

"Haikuzimwa na mtu."

"Hakuna mtu. Ilianguka."

"Na Severin aliingiaje?"

"Stima ikipotea huu mlango unafunguka wenyewe. Ni sheria ya moto. Akapata nafasi yake."

"Alikuwa ameshawahi kuingia humu, siku za nyuma?"

"Huyo? Hata siku moja. Kazi yake ni geti."

"Una hakika?"

"Mia kwa mia."

Famau alimpa karatasi. Dancan aliyasoma maelezo yake kwa makini, akatia sahihi, akarudisha kalamu.

"Teresiah," Saleha alisema. "Iamshe."

Teresiah akagusa kibonyezo. Maandishi yakapanda kwenye kioo.

"Hifadhidata imeamka," alisema. "Imeita kulabu. Faili limepatikana." Akavuta pumzi. "Muhuri unalingana. Inasoma."

"Faili gani?" Dancan aliuliza.

"La Fanuel."

"Fanuel hakuwa na faili. Ile kitu yake ilikuwa kwenye kumbukumbu tu."

"Mpaka Alhamisi," Saleha alisema. "Soma mlango huu, Teresiah."

"Kadi ya Severin. Imefungua mara moja."

Saleha alimtazama Dancan. "Umetia sahihi kwamba hajawahi kuingia kabla ya jana, na kwamba jana mlango ulifunguka wenyewe. Hiyo mara moja imetoka wapi? Ni jana hiyo hiyo. Alifungua kwa kadi, umeme upo, na mashine iko macho ikamhesabu."

Dancan alilamba midomo. "Sawa. Aliingia kwa kadi, akaua, stima ikapotea baadaye. Inabadilisha nini?"

"Ingepotea, faili hili lisingekuwepo. Huandikwa mashine ikizimwa kwa amri tu, na amri inataka nenosiri la wakuu wa mfumo. Mlikuwa nalo wawili. Mwenzako Fanuel alikuwa hapa ulipokanyaga, kichwa wazi. Severin alikuwa nje anaita watu. Ulibaki wewe. Ulitaka mashine isahau, ukaizima. Ungechomoa waya tu, ingesahau kweli. Lakini uliogopa kuharibu mfumo wa kampuni, au mkono wako umezoea kazi, ukaizima kwa adabu. Nayo ikaziita nyongeza zote, ikaziambia zihifadhi. Halafu ndiyo ukaenda kushusha swichi kuu, ionekane umeme umekatika."

"Betri ndizo zilizoizima. Betri zikianza kuisha hutuma amri zenyewe."

"Zilikufa kitambo. Umetia sahihi."

Saleha akageukia kona ya Teresiah.

"Soma majibu ya breki," Saleha alisema.

Sauti ya Teresiah ilikuwa ndogo. "Majibu yaliyobadilishwa kutoka kukataliwa kwenda kupita. Ni mengi, madam. Akaunti ni moja. Ni ya Dancan."

Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa ukutani, nyuma ya bega la Dancan. Hakugeuka kuutazama. Aliunyakua kama mtu anayechukua koti, na pigo la kwanza lilimlenga Teresiah, au kompyuta. Teresiah aliiinamia kompyuta, mkono ukapokea chuma. Mfupa ulivunjika kwa sauti waliyoisikia wote. Famau aliruka. Mtungi ulimkuta taya, akaenda chini na meza yote. Kisha Dancan akaufyatua, na chumba kikajaa unga mweupe mpaka taa zikawa madoa.

Saleha alikuwa na bastola mkononi lakini Teresiah alikuwa mahali fulani katika weupe ule, akilia. Hakufyatua. Alisogea kuelekea kilio, na hapo waya wa mtandao ukamzunguka shingoni kutoka nyuma.

Dancan alikuwa na nguvu. Alimwinua mpaka visigino vikaacha sakafu. Bastola ikadondoka. Saleha aliona mekundu, kisha meusi pembezoni mwa mekundu. Mkono wake ulipapasa nyuma, ukapata kidole gumba cha Dancan, akakikunja kinyume mpaka kikavunjika. Dancan akapiga ukelele bila kuachia. Akatafuta kingine, akakivunja nacho. Waya ukalegea kiasi cha pumzi moja. Pumzi hiyo ilimtosha. Alirusha kichwa nyuma, akasikia pua ikisagika, akageuka, akamshika nywele kwa mikono miwili, akambamiza uso kwenye ukingo wa kabati la seva. Kabati likatikisika. Akambamiza tena. Mara hii magoti ya Dancan yaliondoka.

Akamkalia mgongoni, akamfunga pingu, vidole vilivyovunjika vikiwa vimeelekea kusiko. Dancan alilia, na Saleha hakuharakisha wala hakuchelewesha.

Unga ulianza kushuka. Famau alikuwa ameketi, ameshika taya kwa mikono yote miwili, akitikisa kichwa kuonyesha kwamba yu hai. Teresiah alikuwa chini ya meza, mkono mmoja umepinda pasipo kiungo, na mwingine umeikumbatia kompyuta kifuani.

"Inafanya kazi bado," alisema, meno yakigongana.

Dancan alitema damu sakafuni. "Alinikamata shati," alisema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Alikuja na hiyo diski, ameitoa kwenye gurudumu la lile basi. Akaiweka hapa mezani, akataja jina la ndugu yake. Akasema ana hesabu zangu zote. Mzigo ule wa breki niliuleta mimi, nimeuagiza mimi. Ukikataliwa mimi ndiye ninaanguka. Nilikuwa nitafanya nini?"

"Breki zilizobaki ziko wapi?"

Dancan alifumba macho.

"Ziko kwenye magari gani, Dancan?"

Aligeuza uso uliopasuka, na kitu kama kicheko kikamtoka kupitia mapovu ya damu. "Hiyo hesabu yenu inawaambia ni ngapi, na ni nani. Haiwaambii ni zipi. Rekodi za zipi nilizifuta. Muulizeni Fanuel."

Saleha alimtazama Teresiah. Teresiah akaitikia kwa kichwa, taratibu. Ilikuwa kweli. Takwimu ziliokoka, rekodi zenyewe zilikuwa zimekwenda.

"Kampuni inauzia nani breki za mabasi?" Saleha aliuliza, sauti imekwaruzika kwa waya.

"Karibu kila kambi ya Muhaisnah, madam," Teresiah alisema. "Na zamu ya jioni inaanza kupakiwa sasa."

"Basi yatasimama yote."

*

Ilihitaji askari wa usalama barabarani, simu nyingi, na kelele nyingi zaidi. Mameneja wa makampuni walifoka kwamba saruji inaganda huko kazini, kwamba kuna arbab, tajiri mwenye kazi, anasubiri, kwamba nani atalipa siku. Saleha aliwasikiliza kila mmoja akiwa amefunga skafu juu ya alama ya waya shingoni, naye akampa kila mmoja jibu lile lile: shusha watu.

Wakashuka. Jua lilikuwa bado kali. Mabasi meupe yalijipanga kando ya ukuta wa mabweni, milango wazi, na vibarua wakakaa kwenye ukingo wa barabara na makopo yao ya chakula mapajani, wakitazama bila kuuliza. Simu ilikuja kutoka hospitali: Severin ametoka chumba cha upasuaji, atatembea, ila si kama zamani. Teresiah alikuwa chumba cha jirani, akifungwa plasta.

Fundi aliyeletwa na polisi aliweka jeki chini ya basi la kwanza. Alikuwa mzee wa Kipemba aliyezoea kazi yake. Alifungua nati, akavuta gurudumu, akaingiza mkono ndani, akatoa pedi ya breki. Aliigeuza kwenye kiganja, akaibana kwa kidole gumba.

Ilimeguka kama biskuti iliyoingia maji. Vipande vikaanguka mchangani, na wanaume waliokaa karibu wakaacha kula.

Fundi akamwonyesha Saleha kiganja. Saleha aliangalia vumbi lile la kijivu, akaangalia safu ya mabasi hadi mwisho wa ukuta, na watu waliokaa mbele ya kila basi.

"Fungua linalofuata," akasema.